Bashasha, amana na cheo: Nani astahili kukabidhiwa funguo?

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba wake na kila anayefuata uongofu wake hadi siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu msomaji, katika maswali yanayoletwa kwetu baada ya darsa, limo moja linalorudi kila mara, na wanaoliuliza aghalabu ni vijana waajiriwa wa maduka na ofisi za hapa mjini. Husema kwamba wao wanafanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu, lakini anayepandishwa cheo ni yule anayejua kucheka na bosi. Kisha huuliza: je, Uislamu unasemaje juu ya jambo hili?

Swali hili si dogo. Ndani yake mna riziki za watu, kodi za nyumba na ada za watoto. Lakini mna jambo zito kuliko hayo, nalo ni moyo unaoanza kuamini kwamba uaminifu haulipi. Kijana akishalikubali hilo, hatua ya kuiba inakuwa fupi. Kwa ajili hiyo tumeona ni wajibu wetu kulijibu kwa urefu, na tunatanguliza kusema kwamba jibu letu lina pande mbili: upande mmja unamwelekea aliyeuliza, na wa pili unamwelekea mwenye kutoa vyeo.

Tuanze na mahali tunapopafahamu sote. Mtu akisimama Mtaa wa Msimbazi asubuhi, wakati maduka ya mitaa ya Kongo, Aggrey, Sikukuu na Narung'ombe yanafunguliwa, ataona chuo kikubwa cha kazi ambacho hakitoi cheti. Kijana huanza kwa kufagia na kubeba mizigo. Akionekana mwepesi, huitwa ndani kupanga bidhaa na kuhudumia wateja. Baadaye huachiwa kuhesabu mauzo ya siku, kisha hupewa ufunguo wa stoo, na wengine hutumwa hadi Dubai au Guangzhou kuleta mzigo. Mwenye kuaminiwa zaidi huanza kupewa bidhaa kwa mali kauli, yaani anachukua mzigo leo na kulipa akishauza, bila ya dhamana yoyote isipokuwa neno lake. Kwa mali kauli hiyo wengi wamefungua fremu zao wenyewe.

Ngazi yote hiyo aghalabu hupandwa bila ya mkataba wa maandishi wala barua ya kupandishwa cheo. Faili la kijana wa Kariakoo ni uso wake, ulimi wake na yale wanayoyasema juu yake majirani wa duka. Ndiyo maana kupendwa kuna uzito mkubwa pale kuliko mahali penye karatasi. Mteja aliyetoka Lusaka, Lubumbashi au Moroni amesafiri masafa marefu na fedha yake mfukoni. Akinuniwa mlangoni, duka la pili liko hatua tatu tu. Mwenye duka anayempenda kijana mchangamfu hajafanya upuuzi, kwani uchangamfu ule ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo sehemu ya kazi kujua hesabu.

Na Uislamu haukuliacha jambo hili. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kumkabili ndugu yako kwa tabasamu ni sadaka. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahih Bukhari, amemwombea rehma mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Na Imam Ahmad amepokea maneno ya Mtume (S.A.W.) yenye maana kwamba muumini ni mtu anayezoeana na watu na watu wakazoeana naye, wala hapana kheri kwa asiyekuwa hivyo. Zaidi ya hayo, Qur'ani Tukufu katika Sura Aal Imran, aya ya 159, inabainisha kwamba ni kwa rehma ya Allah Mtume alikuwa laini kwa masahaba wake, na kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangetawanyika wakamwacha. Tuzingatie jambo hilo kwa makini. Aliyekuwa mkweli kuliko watu wote, mwenye ujumbe wa haki kutoka kwa Mola wake, anaambiwa kwamba haki ile ingekosa wasikilizaji kama ingefikishwa kwa uso uliokunjwa. Basi sisi ni nani hata tudhani kwamba uhodari wetu wa kazi unatutosha?

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni kwa aliyeuliza. Wapo ndugu zetu wanaodhani kuwa uchamungu ni kununa. Hawaibi, hawachelewi, hesabu zao hazina kasoro, lakini salamu huitikia kwa nusu mdomo, mwenzao akikosea humwaibisha mbele ya wateja, na akiwashauri mtu huona wametukanwa. Kisha wakirukwa katika cheo, husema wamedhulumiwa. Kabla ya kusema hivyo, ndugu yetu, jiulize: wenzako watafanya kazi vipi chini yako? Anayeongezewa cheo hukabidhiwa watu kabla ya kukabidhiwa vitu. Tabia hii haiwi udhuru kwa kusema kwamba ndivyo tulivyoumbwa, kwani tumefundishwa kwamba elimu hupatikana kwa kujifunza na upole hupatikana kwa kujizoeza upole. Anza kwa kutangulia kutoa salamu. Ni jambo jepesi, na thawabu yake ni kubwa.

Hata hivyo, si kila mwenye kupendwa amependwa kwa njia ya halali. Wanavyuoni wetu, miongoni mwao Imam al-Qurtubi, wametofautisha mambo mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni mudarat, nalo ni kutoa kitu cha dunia yako, kama vile maneno mazuri, subira na upole, kwa ajili ya maslahi ya dunia au ya dini. La pili ni mudahana, nalo ni kuiacha dini yako kwa ajili ya dunia. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba mtu mmoja mwenye sifa mbaya katika kabila lake aliomba ruhusa ya kuingia kwa Mtume (S.A.W.), naye akampokea kwa upole. Upole ule haukuwa kuukubali ubaya wa mtu yule, kwani Mtume hakumsifu kwa sifa asiyokuwa nayo, wala hakumwafiki katika batili. Hiyo ni mudarat, na kila mfanyakazi mwenye bosi mgumu anaihitaji.

Mudahana nayo inajulikana madukani. Mwenye duka anaapa kwa jina la Allah kwamba bidhaa imemgharimu kiasi fulani, ilhali msaidizi wake anajua si kweli, naye anatikisa kichwa kuthibitisha. Bidhaa imeuzwa kwa laki tano, naye anaagizwa atoe risiti ya laki moja, anatabasamu na kuitoa. Jioni, maduka yanapofungwa, anamsogelea bosi kumpa habari za wenzake: nani alichelewa, nani alizungumza na simu, nani alisema nini. Kijana wa namna hii hupendwa sana, na mara nyingi hupanda haraka. Lakini mwenye duka mwenye akili na ajiulize: huyu anayekubali kumdanganya mteja na serikali kwa ajili yangu, atashindwa vipi kunidanganya mimi kwa ajili yake? Kikulacho ki nguoni mwako.

Hali kadhalika winga, yaani kijana asiye na duka anayempokea mteja mgeni, kumtafutia bidhaa na kuongeza chake juu ya bei. Mtaji wake wote ni ulimi. Udalali kwa asili yake ni kazi ya halali ikiwa unafanywa kwa uwazi. Lakini anayemwita mgeni ndugu yangu, akamshika mkono na kumchekea, kisha akamdanganya kuhusu bei na ubora wa bidhaa, huyo ameigeuza bashasha kuwa mtego. Mgeni yule hatarudi tena, na hasara yake itawapata wafanyabiashara wote wa mtaa.

Mtu anaweza kuuliza: basi nitajuaje kama bashasha yangu ni tabia njema au ni kujipendekeza? Kipimo chake ni chepesi. Tazama uso unaompa bosi, kisha tazama uso unaompa msukuma mkokoteni aliyeleta mzigo, mama anayeleta chai, na mlinzi wa usiku. Nyuso hizo zikiwa sawa, hiyo ni tabia njema, nawe ushukuru. Zikiwa mbali mbali, basi ule uso wa kwanza ni bidhaa unayoiuza. Nabii Musa (A.S.), kama ilivyosimuliwa katika Sura al-Qasas, alifika Madyan akiwa mgeni mwenye njaa, akawanyweshea wanyama wasichana wawili asiowajua, kisha akarudi kivulini bila kuomba ujira. Hakujua kwamba baba yao angemwajiri. Alipoajiriwa, sababu aliyoitaja mmoja wa wasichana wale, katika aya ya 26, ilikuwa ni nguvu na uaminifu. Wema wake ulikwisha kuonekana kabla ya kujulikana kwamba una malipo.

Sasa tugeukie upande wa pili, wa wenye kutoa vyeo: wenye maduka, mameneja, wakuu wa idara, walimu wakuu na hata viongozi wa misikiti. Kwenu tunasema kwamba mapenzi ya moyo si dhambi, lakini cheo si zawadi ya mapenzi. Cheo ni amana. Abu Dharr (R.A.) alikuwa miongoni mwa masahaba wa mwanzo, mkweli na mpendwa wa Mtume (S.A.W.). Imam Muslim amepokea kwamba Mtume alimweleza kuwa anampendea kile anachojipendea nafsi yake, lakini anamwona dhaifu katika jambo la uongozi, na kwa hiyo akamuusia asiwe kiongozi hata wa watu wawili, wala asisimamie mali ya yatima. Mapenzi yalikuwepo, na yalitamkwa waziwazi, lakini hayakumpa cheo. Vivyo hivyo Abdullah bin Zaid (R.A.) ndiye aliyeoneshwa adhana usingizini, lakini Mtume alimwamrisha amfundishe Bilal (R.A.) maneno yake ili Bilal aadhini, kwa sababu sauti ya Bilal ilikuwa bora zaidi. Kila kazi ilipewa anayeiweza.

Msimbazi yenyewe ina historia inayotufaa katika jambo hili. Katika miaka ya 1950 msimamizi wa Soko la Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa mji, aliyezaliwa mwaka 1924, askari wa zamani wa vita vya Burma. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Abdulwahid alijulikana na wauza samaki, wauza nazi na wazee wa mji, na ofisi yake ya sokoni ilikuwa mahali pa kukutana. Kama kupendwa na watu wa mji kungekuwa hoja ya kutosha, uongozi wa TAA usingepaswa kumponyoka. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 1953 aliyechaguliwa kuwa rais wa chama alikuwa Julius Nyerere, mwalimu mgeni wa mji, aliyerudi karibuni kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh. Abdulwahid akawa makamu wake. Hakuondoka kwa hasira na watu wake, bali alibaki katika harakati, na tarehe 7 Julai 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Anayepita Msimbazi leo akiwa amenung'unika kwa kurukwa katika cheo cha duka, na aikumbuke habari hiyo ya mtu aliyependwa, akapitwa, na bado kazi ikaendelea.

Wakuu wa ofisi za serikali nao wana la kujifunza. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa za siri. Mkuu wake aliandika anavyomwona, naye mtumishi hakujua kilichoandikwa. Katika utaratibu kama huo, anayependwa na mkuu ana usalama, na asiyependwa hana pa kujitetea. Mwaka 2004 serikali ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana kwa wengi kwa jina la OPRAS, ambao ndani yake mtumishi na mkuu wake walikubaliana malengo na kuyapima pamoja. Mifumo hubadilika, lakini maana yake iko karibu na mafundisho yetu, nayo ni kwamba mtu apimwe kwa kazi inayoonekana, na aambiwe sababu. Mwenye duka hahitaji mfumo mkubwa. Inamtosha kuwaambia vijana wake mapema kwamba atakayepewa ufunguo ni mwenye hesabu kamili, mwenye kuwahi na mwenye kauli njema, kisha ashike ahadi yake.

Sheria nayo imo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo wa kabila, mahali mtu alikotoka na dini, na katazo hilo linahusu pia kupandishwa cheo. Mara nyingi tunaposema fulani anapendeka, tunachomaanisha ni kwamba anazungumza kama sisi, ametoka kwetu na anaswali nasi. Waislamu tusijidanganye katika hili. Kumruka mfanyakazi hodari na mwaminifu kwa sababu tu si wa kwetu ni dhulma, na dhulma haihalaliki kwa kuwa aliyedhulumiwa hakuwa Muislamu. Sura al-Maidah, aya ya 8, imetukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao.

Lipo jambo jingine ambalo ni lazima tulitaje, ingawa linatia haya. Mabinti wengi wameajiriwa madukani na maofisini, na wameambiwa kwamba kazi yao ni kuwa wachangamfu. Ni sawa kumtaka binti awapokee wateja kwa adabu. Lakini wapo wenye mamlaka wanaoudai uchangamfu huo wao wenyewe, baada ya saa za kazi, na kuufanya kuwa bei ya mkataba au ya cheo. Hiyo ni haramu iliyo wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeifanya kuwa kosa la jinai, na binti au kijana anayedaiwa hivyo ana haki ya kwenda TAKUKURU. Wazazi nao wamsikilize binti anapoeleza, wasimwambie avumilie kwa kuwa kazi ni ngumu kupatikana.

Nabii Yusuf (A.S.) ni kiigizo chetu katika yote haya. Alikuwa mwenye kupendeza kwa sura na kwa tabia. Alipendwa nyumbani mwa bwana wake kwa njia isiyo halali, akakataa, na kukataa kwake kukamtia gerezani. Gerezani wenzake walimjua kwa wema wake, wakamweleza hivyo, kama ilivyo katika aya ya 36 ya Sura Yusuf. Na siku mfalme alipomkaribisha na kumpa nafasi mbele yake, Yusuf hakutegemea kupendwa kule. Katika aya ya 55 aliomba hazina za nchi kwa sababu mbili, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Ukweli na wema vilikuwa tabia yake tangu utumwani, lakini hoja yake ya kazi ilikuwa ni uwezo na amana.

Katika zama zetu tumemwona marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki tarehe 29 Februari 2024. Upole wake ulijulikana kwa wote. Lakini mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vilivyo chini ya wizara yake huko Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa. Akapelekwa kuwa balozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mtu anayetaka kupendwa tu hutafuta wa kumtwika lawama. Mwenye upole na amana huibeba.

Basi ndugu yetu uliyeuliza, fanya mambo matatu. Itazame tabia yako kwanza na uitengeneze, kwani ni haki ya wenzako juu yako. Kisha mwendee mwajiri wako kwa adabu, umwulize ni lipi unalopungukiwa ili ukabidhiwe zaidi, na uyakubali majibu yaliyo ya kweli. Ukiona umebaguliwa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kudai haki kwa njia ya sheria si utovu wa adabu. Lakini usiuache uaminifu kwa kuwa mwingine amepanda bila ya huo. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayetafuta radhi ya Allah, hata watu wakichukia, Allah humtosheleza na watu, na anayetafuta radhi ya watu kwa kumghadhibisha Allah, huachiwa watu hao.

Nawe mwenye duka, jioni ya leo utakapotaka kumpa mtu ufunguo, usimtazame anayekuchekesha peke yake. Mtazame pia aliye kimya nyuma ya rafu, ambaye hesabu yake haijawahi kupungua. Huenda anachohitaji ni mtu wa kumfundisha kutabasamu, na hilo ni jepesi kufundishwa kuliko amana.

Tunamwomba Allah (S.W.) atupe tabia njema, riziki ya halali na uadilifu katika yale tuliyokabidhiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.